Mwalimu Aliyekiamini Kishikwambi

Mwalimu wa mkasa huu sitampa jina, kwa kuwa anaweza kuwa yeyote kati ya maelfu ya walimu waliokabidhiwa vishikwambi baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, pale serikali ya Tanzania ilipoamua kwamba vifaa walivyotumia makarani wa sensa viende kwa walimu wa shule za umma. Tumweke katika shule ya kata wilayani Kilwa, upande wa milima ya Matumbi. Ni mwalimu wa kike, bado kijana, mchapakazi. Anafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, somo lililoletwa na mtaala ulioboreshwa wa 2023 na linalofundishwa kwa Kiswahili. Vipindi ni vingi, mikondo ni miwili, na kitabu cha kiada hugombewa na dawati zima.

Nausisitiza uchapakazi wake tangu mwanzo. Hadithi za kuonya hupenda kumbebesha mvivu kosa, na msomaji mwenye bidii huzisoma akijiona yuko salama. Huyu hakuwa mvivu. Aliteleza kwa sababu kazi zilimzidi, muda haukumtosha, na mkononi alikuwa na chombo ambacho hakuna aliyemfundisha kukitilia shaka.

Siku ya kukabidhiwa alisaini daftari la mali, akaenda na kishikwambi nyumbani. Kwa miezi kadhaa kilitumiwa na watoto kuangalia katuni. Mafunzo yalikuwa mafupi: mwalimu mmoja wa shule aliitwa wilayani kwenye semina, na aliporudi akawaeleza wenzake, siku moja baada ya vipindi, namna ya kukiwasha, kukichaji, kufungua barua pepe, na nani atalipa kikipotea. Kifanyiwe nini darasani, kwa somo lipi, na mwalimu ajihadhari na nini, hayo hayakuguswa. Walimu waliondoka wakijua kukitunza kifaa. Kukifundishia hawakujua.

Ndipo siku moja, wakati wa chai ya saa nne, mwenzake akamwonyesha akili mnemba. "Uliza chochote," akamwambia, "hata kwa Kiswahili." Mwalimu akaandika: niandalie nukuu za Vita vya Maji Maji, kidato cha pili. Kabla chai haijapoa, ukurasa ulikuwa umejaa. Vichwa vya habari vilipangika, sababu za vita zikawa na namba zake, chanzo, mwenendo na matokeo kila kimoja mahali pake. Lugha ilikuwa fasaha. Chini kabisa palikuwa na jina la kitabu, mwandishi na mwaka wa kuchapishwa. Kazi ambayo ingemfanya akeshe hadi usiku wa manane ilikwisha akiwa bado ameshika kikombe.

Hapo hapajawa na kosa. Mwalimu aliyechoka anapopata msaada, kuupokea ni haki yake. Kosa liliingia polepole, katika wiki zilizofuata. Mwanzoni alizisoma nukuu zote na kuzilinganisha na kitabu. Baadaye akawa anazisoma tu. Kisha akawa anazipitisha macho, anapeleka stationari, zinaprintiwa, zinarudufiwa. Andalio la somo nalo likatoka huko huko. Maswali ya majaribio yakatoka huko, na majibu ya kusahihishia pia. Kwenye kikao cha walimu mkuu wa shule akainua juu karatasi zake zilizopangika vizuri na kuwaambia wengine waige mfano. Hakuna aliyeuliza yaliyoandikwa ndani yake yametoka wapi. Sifa zilikwenda kwa unadhifu wa karatasi, na mwalimu, kama binadamu yeyote, akazidisha kile anachosifiwa nacho.

Siku ya somo la Maji Maji ikafika. Nukuu zilisema kwamba Kinjekitile alikuwa kiongozi wa Wangoni, kwamba aligawa maji yake Songea, na kwamba alinyongwa huko huko mwaka 1906 pamoja na viongozi wenzake. Mwalimu alizisoma kwa sauti, wanafunzi wakiandika. Dawati la nyuma, mvulana mmoja anayetoka upande wa Nandete akanyoosha mkono.

"Samahani, Madamu. Babu anasema Kinjekitile alikuwa mtu wa Ngarambe. Na alinyongwa Mohoro."

Mwalimu akatazama kioo cha kishikwambi, akatazama saa. Dakika zilizobaki zilikuwa chache na mada ilikuwa ndefu.

"Kwani babu yako alikuwepo?"

Darasa zima likacheka. Mvulana akakaa, akainamisha kichwa, akaandika Songea.

Tusimame hapa, maana kiini cha mkasa huu kiko katika swali lile la mwalimu. Mtoto alikuwa sahihi. Kinjekitile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, na watu walimwendea kutoka Umatumbi na kwingineko kuchukua maji waliyoamini yangezifanya risasi za Wajerumani zisiwadhuru. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, kwa kuikataa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905, moto ukiwa ndiyo kwanza unawaka, Wajerumani walimnyonga Kinjekitile huko Mohoro. Wangoni waliingia vitani baadaye. Viongozi wao kwa makumi walinyongwa Songea mwezi Februari 1906, na mji ule mpaka leo unabeba jina la Nduna Songea Mbano. Mashine ilikuwa imechukua matukio mawili ya kunyongwa yaliyotengana kwa miezi na kwa mamia ya kilomita, ikayafanya moja. Watoto wa Umatumbi, wanaoishi katika ardhi ambako vita vilianzia, wakafundishwa kwamba kiongozi yule hakuwa wa kwao.

Na hilo swali la kama babu alikuwepo lina jibu zito kuliko mwalimu alivyofikiri. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Maji Maji. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifanya utafiti wake kwa kuwasikiliza wazee wa Umatumbi na majirani zao. Kabla ya kazi ile, sehemu kubwa ya habari zilizoandikwa zilitoka katika majalada ya Wajerumani na barua za wamisionari. Mengi tunayoyajua leo kuhusu vile watu wenyewe walivyovielewa vita vyao yalitoka vinywani mwa akina babu. Mwalimu wa historia aliyemzima mtoto kwa kumdhihaki babu yake alikuwa ameikata kamba inayolishikilia somo lake mwenyewe.

Mvulana yule hakunyoosha mkono tena muhula ule. Wenzake waliona yaliyompata, nao wakajifunza. Darasa likawa kimya, mwalimu akadhani wanamwelewa.

Ukweli ulitokea kwenye mtihani wa ujirani mwema, ule unaotungwa kwa pamoja na shule za jirani na kusahihishwa kwa kubadilishana karatasi. Karatasi za shule hii zilimwangukia mwalimu wa historia wa shule nyingine, mzee aliyekaribia kustaafu. Karatasi ya kwanza ikasema Songea, 1906. Akaweka alama nyekundu ya kosa, akaendelea. Ya pili vile vile. Ya kumi vile vile. Na wale waliotaka kuonyesha kwamba wamesoma sana walitaja kitabu kile kile, cha mwandishi yule yule, ambaye mzee hakuwahi kumsikia katika maisha yake yote ya kufundisha. Makosa yanayofanana kiasi hicho humfanya msahihishaji afikirie jambo moja tu, kwamba kuna wizi wa mitihani.

Angeweza kupeleka taarifa wilayani. Badala yake, Jumamosi moja alipanda bodaboda na karatasi zake ndani ya bahasha ya kaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na karatasi za watoto wako." Akazipanga mezani, moja kando ya nyingine, kidole kikipita kwenye jibu lile lile. "Wamenakiliana?"

"Hapana, Mwalimu. Ndivyo nilivyowafundisha."

"Na kitabu hiki, unacho?"

"Sina."

"Umewahi kukiona kwa macho yako?"

Hakuwa amewahi. Walikitafuta pamoja mtandaoni, hakikuwapo. Mzee akamwambia aiulize ile akili mnemba yenyewe. Akaandika: una uhakika Kinjekitile alinyongwa Songea? Mashine ikajibu kwa adabu kubwa, ikaomba radhi kwa mkanganyiko, ikasema kweli ilikosea, alinyongwa Kilwa Kivinje. Ikatoa na kitabu kingine cha kuthibitisha. Akaibana tena, ikaomba radhi tena, ikataja mahali pengine. Kila jibu lilikuja na uhakika uleule na Kiswahili kilekile kizuri. Mwalimu akakiweka kishikwambi mezani. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekiona kinavyofanya kazi.

Kila mwalimu anastahili kulielewa jambo hili kabla hajafungua programu hizi. Akili mnemba ya aina hii haina kabati la mambo ya kweli inalolifungua ukiuliza. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno lipi lina nafasi kubwa ya kufuata baada ya lililotangulia, kisha lingine, kisha lingine, mpaka sentensi ikamilike. Mahali ambapo imesoma maandishi mengi, makisio yake mara nyingi huangukia kwenye ukweli. Mahali ambapo imesoma machache, inaendelea kukisia vile vile, bila sauti yake kutetereka. Ni kama mpita njia anayeulizwa njia akaona haya kusema haijui: atanyoosha mkono, atataja mti na njia panda, na utaondoka ukimshukuru. Na sisi tunaoiuliza kwa Kiswahili, kuhusu Ngarambe na Mohoro na Nandete, tunaiuliza mahali penye giza zaidi, kwa sababu maandishi ya Kiswahili yaliyomo mtandaoni ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza, na historia ya vijiji vyetu imo humo kwa uchache zaidi. Ufasaha wa lugha yake si kipimo cha ukweli wa maneno yake.

Isidhaniwe kwamba mwalimu wetu alinaswa kwa sababu ni mtu wa shule ya kata. Mwezi Juni 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. Kesi zile zilitungwa na ChatGPT. Mmoja wao aliwahi kuiuliza programu yenyewe kama kesi zile ni za kweli, ikamhakikishia kwamba ni za kweli, naye akaridhika. Walikuwa na shahada, uzoefu wa miaka mingi, na maktaba za sheria karibu nao. Walichokosa ni kile kile alichokosa mwalimu wa Kilwa: kukagua kwa chanzo kingine.

Hata hivyo haitakuwa haki lawama yote ikamwangukia mtu mmoja. Mwalimu alipewa chombo bila kupewa ujuzi wa kukitumia, na jambo hili lina historia ndefu inayovuka mipaka yetu. Peru, kuanzia 2008, iligawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child kwa mamia ya maelfu ya watoto, nyingi zikienda shule za vijijini. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliotolewa 2012, uliochunguza shule 319, haukuona maendeleo yoyote ya maana katika hisabati wala lugha. Kompyuta zilikuwepo, lakini namna ya kufundisha haikuwa imebadilika. Kwa jirani zetu Kenya, ahadi ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika uchaguzi wa 2013, na kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi. Katika shule nyingi vifaa hivyo vilikaa kwenye makabati ya chuma, kwa kuogopa wezi na kwa sababu walimu hawakuwa na uhakika wavifanyie nini. Chombo kikiachwa kabatini, hasara yake ni fedha. Chombo kikiingia darasani mkononi mwa mwalimu asiyeandaliwa, hasara yake huandikwa kwenye madaftari ya watoto.

Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kuiga, maana tunao wa kwetu. Mwaka 1973 nchi ilikuwa na teknolojia moja tu iliyofika karibu kila kijiji: redio. Katika kampeni ya Mtu ni Afya, vipindi vya redio vilifundisha watu wazima kujikinga na malaria, kuhara na magonjwa mengine. Redio peke yake ingeongea na kunyamaza. Lakini waandaaji walitangulia kuwafunza viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na kila kikundi kikawa na mtu anayejua kuongoza mazungumzo, kusoma kijitabu, kuuliza swali baada ya kipindi na kuwafikisha watu kwenye uamuzi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Vyoo vikachimbwa, mazalia ya mbu yakasafishwa. Redio ilitoa habari, na yule aliyefunzwa ndiye aliyeligeuza neno kuwa kazi. Nusu karne baadaye tuna chombo kinachoshinda redio kwa kila hali, na mafunzo yake tunayamaliza katika saa moja ya jioni.

Turudi kwa mwalimu wetu, kwa sababu mkasa wake una upande wa pili. Jumatatu aliingia darasani, akawaambia wanafunzi wafungue daftari kwenye nukuu za Maji Maji, wachore mstari juu ya Songea. Akawaeleza ukweli: nukuu nilizitoa kwenye akili mnemba, sikuzikagua, na mwenzenu aliniambia sahihi nikamnyamazisha. Akamwita mvulana kwa jina, akamwomba asimulie alichokisikia kwa babu yake. Mvulana alisimama kwa woga, akasimulia. Kisha mwalimu akawapa kazi ya wiki: kila kikundi kipewe ukurasa ulioandikwa na akili mnemba, wakausome wakiulinganisha na kitabu cha kiada na masimulizi ya wazee, warudi na makosa waliyoyaona na ushahidi wao. Watoto waliokuwa wananakili kimya wakageuka wakaguzi. Mkono wa kwanza kunyooka siku ya kurudisha kazi haukuwa wa mvulana yule, na hilo lilimfurahisha mwalimu zaidi, maana ilionyesha woga umeanza kuwatoka wote.

Kishikwambi hakukitupa. Alibadilisha mpangilio wa kazi, na mpangilio huo unafaa kwa kila mwalimu.

Kwanza, anasoma mada mwenyewe kabla hajauliza mashine chochote. Asiyeijua mada hawezi kuliona kosa, na mashine haitamwonyesha. Aliyeisoma, hata kwa kurasa chache za kitabu cha kiada, akili yake hugutuka anapokutana na jambo lisilokaa sawa.

Pili, anachukua kalamu na kuzungushia duara kila jina la mtu, kila mahali, kila tarehe, kila takwimu na kila kitabu kilichotajwa. Hayo ndiyo maeneo ambayo akili mnemba hubuni kwa wepisi. Kila duara lazima lipate ushahidi mahali pengine: kitabu cha kiada, maktaba, mwalimu mwenzake, au mzee anayejua. Duara lisilopata ushahidi linafutwa. Kitabu kisichoonekana kinaondolewa, hata kama jina lake ni zuri.

Tatu, anaitumia katika yale inayoyafanya vizuri: kutunga maswali ya viwango tofauti juu ya kifungu alichokithibitisha yeye, kurahisisha maelezo marefu kwa mwanafunzi anayesoma kwa shida, kupendekeza njia za kuanza kipindi. Hapo mwalimu ndiye anayeleta ukweli, mashine inasaidia kuupanga.

Nne, haingizi humo majina ya wanafunzi, alama zao wala habari za nyumbani kwao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata kama isingekuwepo, siri ya mtoto ni amana mikononi mwa mwalimu wake. Na katika mwongozo wake wa Septemba 2023 kuhusu akili mnemba katika elimu, UNESCO ilishauri watoto wasiitumie wenyewe darasani kabla ya miaka 13, na ikahimiza mafunzo kwa walimu. Mwalimu anayewapa wanafunzi kifaa anapaswa kuwa karibu nao.

Tano, anawaambia wanafunzi nukuu zimetoka wapi. Mtoto anayejua kwamba maandishi yana chanzo, na kwamba chanzo kinaweza kukosea, ameshajifunza nusu ya historia.

Wapo wengine wanaoguswa na funzo hili. Mkuu wa shule anayeinua karatasi nadhifu kwenye kikao, pamoja na kusifu unadhifu, aulize jambo moja mbele ya walimu wote: umethibitishaje? Swali hilo likiulizwa kila wiki litawalinda walimu kuliko waraka wowote. Mthibiti ubora wa shule, anapokagua andalio la somo, asiridhike na vipengele vilivyojazwa. Achukue dai moja lililomo na kumuuliza mwalimu alipolitoa. Wanaopanga mafunzo wajue kwamba mwalimu hujifunza chombo kama anavyojifunza kufundisha: kwa kujaribu darasani, kukosea mbele ya mwenzake anayemuunga mkono, na kujaribu tena. Walimu wa historia wa shule za jirani wakikutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja na nukuu alizozitengeneza, wakasahihishana kabla ya kwenda darasani, yule mzee wa bahasha ya kaki hatalazimika kugundua makosa baada ya mtihani. Mkutano kama huo hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji uongozi unaowapa walimu muda na unaoamini kwamba kukagua ni kazi halali ya mwalimu, yenye thamani sawa na kusimama mbele ya ubao.

Na mzazi, mtoto akirudi na daftari lililojaa maandishi mazuri, muulize amejifunza nini na amejuaje. Ukiwa na jambo ulilolisikia kwa wazee wako, mwambie alipeleke shuleni.

Teknolojia hizi zitaendelea kuja, nyingine zitakuwa na akili zaidi na makosa machache zaidi, na kwa sababu hiyo makosa yatakayobaki yatakuwa magumu zaidi kuyaona. Kadiri chombo kinavyozidi kuaminika ndivyo mwalimu anavyopaswa kuwa makini zaidi, kwa kuwa mtoto haamini mashine. Anamwamini mwalimu aliyesimama na mashine mkononi. Heshima hiyo haiwezi kukabidhiwa kwa programu yoyote. Mwalimu anaweza kuazima maneno, mpangilio na maswali kutoka popote. Kujua kama ni kweli kunabaki kazi yake, na mwanafunzi anaponyoosha mkono kusema "Samahani, Madamu," anamsaidia kuifanya. Amsikilize kwanza, ndipo atazame saa.